Nana Hakukoroma

Boadi, msemaji wa chifu, aliinama kama kawaida yake akatega sikio mdomoni mwa chifu wake, Nana, akisubiri mkoromo.

Miaka yote Nana alikuwa akisinzia barazani, maana usiku koo lilikuwa likimziba, anashtuka akitafuta pumzi hadi alfajiri. Boadi husikiliza mikoromo miwili mitatu, hutikisa kichwa kwa heshima, kisha hutangaza hukumu yake mwenyewe. Na hukumu huwa ni faini ya kondoo, ambaye huishia jikoni kwa Boadi.

Lakini tangu juma lililopita Nana alikuwa akilala na kidude cha mdomoni alichotengenezewa na daktari wa meno wa Kumasi, kinachovuta taya la chini mbele ili koo libaki wazi.

Pumzi ya moto ikampiga Boadi sikioni.

"Mbuzi wa huyu mshtakiwa kala mihogo ya jirani, basi alipe mihogo. Kondoo wa nini?"

Boadi akaishika fimbo yake ya dhahabu kwa mikono miwili.

"Nana... uko macho?"

"Macho kabisa, bwana. Na wale kondoo wa zamani tutaongea, mimi na wewe. Haya, waambie."

Baraza zima lilikuwa likimngoja. Boadi akanyoosha mgongo, akakohoa kidogo.

"Nana asema..." akaanza, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli.