Pindo Limeshika

"Fundi, umebonyeza hata pale ambapo hapakuwa na mwanga," daktari alisema, akijizuia kucheka.

Fundi cherehani aliona haya. Alitakiwa abonyeze kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Lakini kwa kuogopa kuambiwa glakoma imezidi kumla macho, alibonyeza kwa mwendo wa mguu wake, uliokuwa ukikanyaga sakafu kama pedali ya cherehani.

"Turudie, baba. Safari hii mguu utulie."

Akarudia, roho mkononi.

Karatasi ya majibu ilipotoka, hakungoja maelezo. Aliiweka juu ya ile ya mwaka jana, pembe kwa pembe, kama apangavyo vitambaa, akaziinua dirishani. Doa jeusi, sehemu asiyoona, lilikaa juu ya doa la mwaka jana bila kuzidi hata upana wa uzi.

"Kilichopotea hakirudi," daktari alisema, "ila matone yako ya kila siku yamekilinda kilichobaki."

"Kumbe pindo limeshika!"

Akamtazama daktari kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"La kwako, mwanangu, limefumuka. Vua hilo koti."

Sindano alikuwa ameshaichomoa kwenye ukosi wa shati.