Jua la Kwanza

Siku jua liliporudi kwenye mji wa Ncha ya Kusini, baada ya miezi ya giza, king'ora kililia na kila nyumba ikafunga madirisha. Bi Mize alikuwa amekwisha kumpaka mjukuu wake mafuta ya nazi.

“Tunalingoja miezi yote, likija tunalifungia kama mwizi?” aliuliza.

“Hewa chafu ziko dunia nzima, Mama,” bintiye Salme alimjibu. “Ila baridi ya huku hufanya mawingu ya barafu juu sana, na humo ndimo zinamogeuka sumu. Jua la kwanza likiigusa sumu hiyo, inakula ozoni, ile ngao ya angani inayotukinga na miale ya jua inayounguza.”

“Wewe nilikuotesha jua barazani Pangani kila asubuhi. Ndiyo maana ukapata miguu ya kunikimbia mpaka huku!”

Salme alicheka. Bi Mize alikuwa akikumbuka vile vidole vidogo vya Salme mchanga vikikunjuka kwa joto. Akaziba ufa wa dirisha kwa kanga yake, akamlaza mjukuu kitandani chini ya dirisha hilo, angalau apate uvuguvugu.

Siku ya tatu aliitoa kanga. Mstari mweupe ulikuwa umekata maua yake mekundu, palepale penye ufa. Akakisogeza kitanda cha mtoto hadi ukuta wa mbali, kisha akaanza kumkagua mtoto, kidole kimoja kimoja.