Konokono Apanua Mlango

Imesimuliwa kuwa Konokono, aliyetamani sana sifa ya ukarimu, alimwita fundi Panya ampanulie mlango wa nyumba yake ya gamba.

"Bwana, Mola aliufanya mwembamba kwa hekima," Panya akamwonya.

"Wewe ni fundi au shehe? Wageni hushindwa kuingia, wakanidhania bahili. Guguna."

Panya akaguguna hata mlango ukawa mpana kuliko chumba, kisha akaenda zake.

Haukupita muda, Nguchiro akabisha hodi.

"Karibu ndani, ndugu yangu," Konokono akajibu kwa fahari.

Nguchiro akaingiza kichwa chote. Konokono akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Miaka yote njaa yangu iliishia mlangoni mwako," Nguchiro akasema kwa adabu. "Mwenyezi Mungu ambariki fundi wako."