Kitambaa cha Mifupa

Pale makaburini, siku ambayo kwa desturi yao husafisha mifupa ya wafu wao kila mwaka, Eligia alifunua kasha la mifupa ya mumewe, brashi mkononi, akaganda. Mifupa ilikuwa imeshasafishwa, imelazwa juu ya kitambaa kipya chenye maua mekundu. Kitambaa alichokitarizi yeye bado kilikuwa kwapani.

"Nani kanitangulia?"

Wifi yake akajitia kufagia.

"Wifi, nakuuliza! Kila mwaka namsafisha mimi. Nani kamshika mume wangu?"

"Yaache, wifi. Mtu keshakufa, wivu wa nini tena?"

"Wivu? Nakichana hiki, na aliyekileta aje aokote vipande!"

Akakivuta kwa hasira. Mifupa ikagongana, na pembe ya kitambaa ikamjia mkononi. Hapo palishonwa na mkono mwingine: uzi umelegea, herufi zimepinda, na tone la damu limekauka mahali sindano ilipochoma kidole cha kitoto. BABA.

Eligia, ambaye hakujaliwa mtoto, akazipapasa herufi moja moja. Kisha akakiweka kando kitambaa chake, akaanza kuirudisha mifupa palepale ilipokuwa.

"Wifi," alisema bila kugeuka, "huyo mtoto anaitwa nani?"