Ngata Chini ya Gurudumu

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tatu Machi, na manyunyu ya asubuhi yalikuwa yameufanya mlima uteleze. Mashavu alishika mkokoteni wake, wa kwanza kuonekana katika mji ule, akasema bismillahi. Miaka ishirini alikuwa amepandisha chumvi sokoni kwa kichwa, hata shingo ikapinda. Leo alikuwa na magunia sita kwa mpigo. Yakifika juu, wapagazi wataruhusu magurudumu njiani. Yasipofika, mkokoteni utakuwa kuni.

“Wee Mashavu, gurudumu halina shingo!” alitania Chande, mkuu wa wapagazi, aliyezoea kumshusha mama yake mgonjwa mgongoni hadi kwa tabibu bondeni. “Litakurudisha tumboni kwa mama yako!”

Wenzake wakacheka. Mashavu akasukuma. Katikati ya mlima pumzi zikamwishia, na mkokoteni ukaanza kurudi nyuma.

“Ee Mola, usiniaibishe,” alinong’ona. Akaukingia bega, akaivuta ngata ya kitambaa aliyoivaa kichwani kwa mazoea tu, akaisukumia kwa mguu nyuma ya gurudumu. Mkokoteni ukatulia. Akapumua, akasukuma hatua tatu, akaisogeza ngata, akapumua tena. Kicheko kikakoma. Kisha mpagazi mmoja akaitikia hatua zake, “Hee!” na wote wakafuata, mpaka sokoni.

Mashavu akaiokota ngata, bapa kama chapati, akaiinua juu.

“Chande, mbele ya hawa wote na mbele ya Mungu, naahidi: kesho mama yako mgonjwa hatabebwa mgongoni. Atashuka mlima huu ameketi, kama bibi harusi.”