Kasida Yenye Adabu

Kila marehemu mume wa Bi Shemsa alipozungumza kwenye video ya wosia, kasida iliyowekwa nyuma ya sauti yake ilijishusha.

"Ina adabu," alisema Bi Shemsa.

"Ni kompyuta, mama," fundi aliyeihariri video alimweleza. "Ikisikia mtu anaongea, inapunguza muziki yenyewe."

Kisha mzee akasema, "Nyumba hii nimemwachia..." na kasida ikapanda, ikameza jina.

"Hapa adabu imekwenda wapi?"

Fundi aliutazama mstari wa sauti ulivyopinda juu. "Kompyuta inashusha tu, mama. Hapo niliambiwa nipandishe."

"Na nani?"

Nyuma yao Nasoro, mwana wa Bi Shemsa aliyeileta video kwa fundi, alikwishainama mlangoni anatafuta viatu.

"Rudisha," Bi Shemsa alimwambia fundi.

Midomo ya mzee ikakutana katikati ya jina, kama inavyokutana ya mtu akitamka "Shemsa".