Wageni wa Kukodi

"Kiwiko," Nabin Tuladhar alisema kwenye simu. "Waambie wasishike kiwiko, Kiran. Vilemba vitakaa sawa, Kihindi watakiokoteza, lakini kiwiko kitatuumbua."

"Shemeji, hawa ni waigizaji," Kiran alijibu. "Wameshaigiza hata miungu. Watashindwa Wahindi?"

Nabin, msimamizi wa kasino ya hoteli, alikata simu, hana raha. Hicho kikundi cha maigizo cha mji wa Kirtipur, alichokikodi Kiran, hakuwahi kukiona hata siku moja. Na Mnepali akipokea kitu, mkono wa kushoto huenda wenyewe kushika kiwiko cha kulia. Ndiyo adabu aliyofunzwa tangu utotoni. Tatizo ni kwamba Mnepali haruhusiwi kucheza kasino nchini kwake. Meza ni za wageni wa kutoka nje, hasa Wahindi, na wageni wenyewe siku hizi wanacheza kwenye simu, wamejilaza kwao.

Alasiri hiyo alikuwa anakuja Bi Kapadia wa Mumbai. Mama huyu alishatajirika kwa michezo ya simu, na sasa alitafuta ukumbi ulio hai: afunge kamera juu ya meza, watu wa nchi za mbali wabofye simu zao huku wakimwona mchezeshaji halisi akigawa karata. Huko ndiko pesa za kamari zinakoelekea, alisema, lakini hakuna atakayewasha simu kutazama viti vitupu. Asiporidhika, mwenye hoteli angeugeuza ukumbi kuwa wa harusi mwezi ujao. Nabin alikuwa mtu mzima asiyejua kazi nyingine, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko alivyotaka kukiri.

Basi akajipanga. Mzee Gurung, mlinzi wa mlangoni, aliambiwa asimwulize mtu kitambulisho. Asmita na wachezeshaji wenzake waliambiwa walegeze mkono.

"Mtu akikosa kidogo, mlipe," Nabin alisema. "Akipata, mlipe mara mbili. Nataka vigelegele humu."

"Na sarafu za kuchezea watanunua na nini? Waigizaji hao, bosi. Mifuko yao naijua," Asmita alisema.

"Wape bure, kila mmoja kiganja. Ni plastiki tu, jioni zote zinarudi kwenye ndoo."

Saa kumi basi likaingia uani. Nabin alichungulia dirishani akacheka peke yake. Kiran, mtu wa kuazima hata wembe, alikuwa ametafuta basi lenye namba za jimbo la Uttar Pradesh, India, tena lenye vumbi la safari. Yeye mwenyewe hakushuka. Alishaambiwa abaki ndani, maana sura yake inajulikana mtaa mzima. Wakashuka wanaume wenye vizibao, wanawake wa sari zilizokunjamana, na mzee mmoja wa kilemba cha waridi, paji la uso limepakwa liwa kana kwamba ametoka hekaluni sasa hivi.

"Karibuni, karibuni," Nabin alisema, akamkonyeza mzee. "Mmetoka wapi?"

"Kanpur, India," mzee alijibu kwa mashaka.

"Safi sana. Endelea hivyo hivyo."

Mzee alitazama sarafu alizomiminiwa kiganjani. "Hizi za nini, mwanangu?"

"Zawadi ya nyumba hii ya kasino, baba. Cheza."

Alizipokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukabaki mfukoni. Nabin nusura amkumbatie.

Bi Kapadia alipoingia, ukumbi ulikuwa unachemka. Wanawake wawili waligombania kiti kwa Kihindi cha kasi, ingawa Bi Kapadia alikuwa bado yuko mbali nao. Mwingine alirudisha sambusa kwa sababu ina kitunguu, kama afanyavyo Mhindi mshika dini. Hakuna aliyegusa kiwiko. Nabin aliapa moyoni kwamba hatamtania tena shemeji yake.

Bi Kapadia alisimama nyuma ya gurudumu la kamari, akiwatazama wachezaji.

"Watu wa kukodi nawajua, Bwana Tuladhar," alisema. "Kila ukumbi unaniwekea. Wao hucheka nikiwatazama. Hawa hata hawajui kama nipo."

"Wamezoea hapa," Nabin alisema.

"Nitaweka fedha. Imebaki kitu kimoja: nataka kuona dirisha lenu la malipo likibadilisha sarafu kuwa pesa. Nyumba ya kamari isiyolipa papo hapo, kwenye simu haitakaa hata wiki."

Nabin alikubali kwa kichwa. Dirisha, naam, waigizaji wangeigiza na dirisha pia. Simu yake ikatetemeka mfukoni, akajibanza nyuma ya nguzo kuipokea.

"Shemeji, usinitukane," Kiran alisema, honi zikilia nyuma yake. "Basi letu limekufa hapa Kalanki, njiani, tangu saa nane. Tumesimama barabarani na vilemba vyetu, watu wanatupiga picha. Huyo mama ameshafika?"

Nabin aligeuka polepole. Foleni ilianzia kwenye dirisha la malipo ikatokea mlangoni, na Bi Kapadia alikuwa amesimama kando yake akitabasamu. Mbele kabisa alikuwa yule mzee wa Kanpur, kichwa wazi, akimwaga sarafu kutoka kwenye kilemba alichokigeuza kapu.

"Nipe rupia za India, binti," alimwambia karani. "Na wenzetu wa basi la pili wanauliza, hii zawadi ya nyumba inatolewa mpaka saa ngapi?"